Ijumaa na Wastoiko

Shule nyingi duniani zina kaulimbiu ya Kilatini isemayo kwamba hatusomi kwa ajili ya shule bali kwa ajili ya maisha. Husemwa kuwa ni maneno ya Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale. Ukiifungua barua yake ya 106 kwa rafiki yake Lucilius utakuta ameandika kinyume. Baada ya kulichambua kwa kirefu swali la kifalsafa lisilomsaidia mtu yeyote, mzee anajikatiza mwenyewe na kulalamika kwamba tunasoma kwa ajili ya shule, si kwa ajili ya maisha. Waliokuja baada yake ndio walioigeuza sentensi ili ipendeze ukutani.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari ya kata mkoani Morogoro. Lalamiko hilo la karibu miaka elfu mbili naweza kuliweka mbele ya kikao cha walimu kesho asubuhi bila kubadilisha hata nukta. Mwanafunzi akishaingia Kidato cha Tatu, kila kitu kwetu ni mtihani: wa mwezi, wa muhula, wa majaribio wa wilaya, wa majaribio wa mkoa, na kambi ya usiku katikati yake. Januari matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yakitoka, mtandao unaelemewa, watu wanatafuta namba za watahiniwa kwenye simu za majirani, na kufikia jioni kijiji kizima kinajua nani kapata Division One na nani kapata ziro. Mwalimu naye husalimiwa kulingana na wastani wa somo lake. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, hatua ninayoiunga mkono, lakini orodha zinatengenezwa vilevile na watu binafsi na kurushwa WhatsApp siku hiyohiyo.

Jina la Wastoiko, kundi la wanafalsafa wa kale ambalo Seneca alikuwa mmoja wao, nilikuwa nimelisikia kanisani tangu utoto. Wamo katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, Paulo alipofika Athene akajadiliana nao pamoja na Waepikureo, wanafalsafa wa kundi jingine. Sikuwahi kujiuliza ni watu gani. Miaka mingi baadaye, kwa muuza vitabu vya mtumba Dar es Salaam, nilikuta kati ya kamusi na vitabu vya uhasibu kijitabu kisicho na jalada, tafsiri ya Kiingereza ya mafundisho ya Mstoiko aitwaye Epictetus. Nilikinunua kwa sababu kilikuwa chembamba na safari ya basi ilikuwa ndefu.

Epictetus alizaliwa karibu mwaka 50 BK huko Hierapolis, mji ambao magofu yake yapo Pamukkale, Uturuki. Alikuwa mtumwa. Bwana wake Roma, Epaphroditus, alikuwa katibu wa Kaisari Nero, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa kabla ya kupewa uhuru. Epictetus alikuwa kiwete. Alipoachiwa huru alifundisha Roma mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akahamia Nicopolis, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, akafungua shule. Hakuandika chochote. Tunachosoma leo ni kazi ya mwanafunzi wake Arrian, aliyekuwa akiandika mwalimu anayoyasema, kisha akakusanya kiini chake katika kijitabu cha sura 53 fupi. Kwa mwalimu hilo ni jambo la kufurahisha sana: falsafa nzima imeokolewa na notsi za mwanafunzi.

Sura ya kwanza inaanza kwa kugawa mambo yote mafungu mawili. Kuna yaliyo katika uwezo wetu: maoni yetu, nia zetu, tunachokitamani na tunachokikwepa. Na kuna yasiyo katika uwezo wetu: mwili, mali, sifa, vyeo. Mateso yetu mengi, asema, hutokana na kuyachanganya mafungu hayo.

Ijumaa baada ya vipindi tuna saa ya klabu. Debate hufanyika kwa Kiingereza, na wanaosimama ni walewale. Klabu ya Historia tunaiendesha kwa Kiswahili, na huko ndimi hufunguka. Nilichora mstari katikati ya ubao, nikawaambia Kidato cha Nne wayapange mambo yanayowahusu kila moja upande wake. Upande wa kulia, wa yasiyo katika uwezo wao, ulijaa haraka: maswali yatakayotoka, msahihishaji, michango ya chakula, mvua, umeme, ukosefu wa mwalimu wa Fizikia. Upande wa kushoto kijana mmoja aliandika kwa herufi kubwa: KUFAULU.

Tulibishana mpaka walinzi wakaja kufunga madarasa. Binti wa kiti cha mbele alisema kufaulu hakuwezi kukaa kushoto kwa sababu anayetoa alama ni mtu mwingine. Kijana akajibu kwamba kama kufaulu si juu yake, basi hana sababu ya kusoma. Hoja yake ni nzito, na watu wa kale waliikabili. Cicero, mwandishi wa Roma ambaye hakuwa Mstoiko lakini aliwaeleza vizuri kuliko wengi, anamtaja mpiga mishale: kuchagua mshale, kuvuta upinde, kulenga kwa uangalifu wote, hayo ni yake. Mshale ukishaondoka, upepo unaweza kuvuma na shabaha inaweza kusogea. Mpiga mishale mwema ni yule aliyefanya yote yaliyokuwa yake. Kijana alifikiri kidogo, akafuta KUFAULU, akaandika: kufanya past paper zote na kusahihisha makosa yangu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kutoridhika, kwamba hata hivyo baba yake atauliza Division, hataulizia upinde.

Ni kweli, na sikuwa na jibu la kumpa baba yake. Nilichokiona kwa baadhi yao, si wote, ni mabadiliko ya maswali. Zamani swali kuu lilikuwa "Mwalimu, hii itatoka?" Sasa wapo wanaokuja na karatasi iliyosahihishwa na kuuliza walipopotea.

Mstari huo pia ulimsaidia binti mmoja aliyekuwa akiishiwa pumzi kila akiona karatasi ya Hisabati. Mikono inatetemeka, anasahau hata aliyoyajua. Tulikubaliana kwamba hofu hiyo ikimshika atajiuliza jambo moja tu: sasa hivi, katika dakika hii, kipi ni changu? Kuandika namba yangu ya mtihani. Kusoma swali la kwanza mpaka mwisho. Kuruka nisiloliweza. Baadaye nilikuja kujua kwamba njia hii si ngeni kwa wataalamu wa saikolojia. Albert Ellis, aliyeanzisha aina yake ya tiba Marekani katikati ya miaka ya 1950, alikiri wazi deni lake kwa Epictetus, hasa kwa ile kauli kwamba wanadamu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na maoni yao juu ya mambo hayo. Aaron Beck, ambaye tiba yake inatumika leo duniani kote, naye aliwataja Wastoiko miongoni mwa mizizi yake.

Lakini wanafunzi wangu wa kiume hawakuwajua Wastoiko kwangu. Waliwajua kwenye TikTok. Humo Mstoiko ni sanamu ya marumaru yenye misuli, muziki mzito nyuma yake, na sauti inayokuambia usilie, usimwamini mwanamke, amka saa kumi alfajiri. Kwa mvulana aliyelelewa kuambiwa "jikaze, wewe ni mwanamume," mafundisho hayo yanaingia kama maji kwenye mchanga. Alipofariki mdogo wangu, na mimi niliambiwa nijikaze, na wajomba, na majirani, na mchungaji, tangu siku ya kwanza mpaka tulipoanua matanga. Usiku mmoja wa matanga hayo nilisoma barua ya Seneca ya 63, anayomwandikia Lucilius aliyefiwa na rafiki. Anamwambia macho yasibaki makavu, na yasitiririke bila mwisho. Machozi yana haki yao. Na kuna habari ya kale kuhusu Marcus Aurelius, Mstoiko mwingine, alipokuwa kijana, kabla hajawa mfalme wa Roma. Alilia kwa kufiwa na mlezi wake, watumishi wa ikulu wakamkanya. Antoninus Pius, baba yake wa kupanga na mtawala wa dola nzima, akawaambia wamwache awe mwanadamu, kwa maana si falsafa wala ufalme viondoavyo hisia. Huyo kijana ndiye aliyekuja kuzika watoto wake wengi, akatawala wakati wa tauni na vita vya mpaka wa Danube, na akaandika, katika kambi za jeshi, daftari la Kigiriki la kujikumbusha asikate tamaa. Habari hiyo nimeisimulia darasani mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Wavulana husikiliza wakitazama chini.

Nije kwenye hasira, kwa sababu ndiyo ugonjwa wa kazi yetu. Darasa lina wanafunzi wengi kuliko madawati, kipindi ni cha mwisho, bati linawaka, na mtu nyuma anaiga sauti yako. Kanuni za nchi za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Kanuni zinahesabu viboko. Hasira ya anayechapa hazina namna ya kuipima. Seneca aliandika vitabu vitatu juu ya hasira, na humo anasimulia kwamba mwanafalsafa Plato alipandwa na hasira juu ya mtumwa wake, akainua mkono ampige, akajigundua, akabaki na mkono hewani. Rafiki aliyeingia akamuuliza anafanya nini. Akasema anamwadhibu mtu mwenye hasira. Nilipoisimulia hadithi hii ofisini, mwenzetu mmoja mwenye fimbo maarufu alisema Plato hakuwahi kufundisha Kidato cha Pili B. Tulicheka wote, yeye zaidi. Wiki ileile nilimwona ameshika fimbo mlangoni, amesimama kidogo, kisha ameingia nayo ikiwa kwapani.

Dawa kubwa ya hasira, asema Seneca, ni kuchelewa. Katika vitabu hivyohivyo anaeleza zoea lake la usiku: taa ikishazimwa na mkewe akinyamaza, kwa kuwa anajua tabia ya mumewe, anaipitia siku yake yote, alichosema na alichofanya, bila kujificha kitu. Nami nina daftari dogo la namna hiyo kwenye mkoba. Siandiki mambo makubwa. Lakini ukiandika kila ulipokasirika, baada ya muda unaona mpangilio ambao usingeuona kwa kufikiri tu. Wangu ulikuwa wa aibu kwa udogo wake: karibu hasira zangu zote zilitokea siku ambazo sikunywa chai ya saa nne.

Njaa inanileta mahali ambapo Seneca ananishinda. Katika barua ya 18 anamshauri Lucilius atenge siku chache ale chakula cha bei ya chini kabisa na avae nguo za kukwaruza, kisha ajiulize, "Hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa?" Niliisoma kwa sauti Ijumaa moja. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo huyo mzee alikuwa anafanyia mazoezi maisha yetu?" Darasa lilivunjika mbavu. Seneca alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma, mwalimu na mshauri wa Nero, na hata wenzake wa zama zile walimsuta kwa kuhubiri umaskini huku akihesabu mamilioni. Mimi simtupi kwa sababu hiyo. Mtu anaweza kusema kweli akiwa kwenye kiti kizuri. Ila mwanafunzi anayetembea asubuhi bila kitu tumboni hahitaji kuambiwa kwamba chakula si katika mambo yaliyo mikononi mwake. Anahitaji uji. Shuleni kwetu uji ulianza wazazi walipokubali kuchanga mahindi, na mahudhurio ya vipindi vya mchana yalibadilika mbele ya macho yetu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka falsafa hii ifundishwe shuleni kama somo la uvumilivu. Marcus aliandika kwa ajili yake mwenyewe. Maneno yaleyale yakitoka kinywani mwa aliye juu kwenda kwa aliye chini yanageuka kuwa kitu kingine kabisa. Nimekaa katika kikao ambacho walimu waliuliza kuhusu stahiki zao zilizochelewa, na msemaji akatujibu kwamba utulivu ni alama ya mtu mwenye hekima. Hakuwa amemsoma Epictetus, lakini angefurahi kumsoma vibaya.

Jaribio gumu zaidi lilikuja kwa swali la binti wa Kidato cha Nne anayelelewa na mjomba wake. Tulikuwa tumechora tena ule mstari. Akasema, "Mwalimu, mjomba amesema mwezi ujao niache shule niende Dar kufanya kazi za ndani. Hiyo naiandika upande gani?" Hakuna aliyecheka. Nikamwambia uamuzi wa mjomba uko kulia. Akauliza, kwa adabu lakini bila kupepesa, "Kwa hiyo nivumilie?"

Jibu nililompa si langu, ni la Epictetus mwenyewe, anayeisimulia habari ya seneta Helvidius Priscus kama igizo. Kaisari Vespasian anamtumia ujumbe asifike barazani. Seneta anajibu kwamba kumvua useneta ni juu ya Kaisari, lakini maadamu bado ni seneta, hana budi kufika. Kaisari: Basi fika, ukae kimya. Seneta: Usiniulize maoni yangu, nami nitakaa kimya. Kaisari: Lakini sina budi kukuuliza. Seneta: Nami sina budi kusema ninaloliona kuwa haki. Kaisari: Ukisema nitakuua. Seneta: Lini nilikuambia kwamba mimi sifi? Helvidius alikuja kuhamishwa na kisha kuuawa. Kuvumilia uamuzi wa mwingine ni jambo moja, kunyamaza ni jambo la pili, na kunyamaza kulikuwa kwenye upande wa kushoto tangu mwanzo: kunaamuliwa na wewe. Darasa liliigiza mazungumzo hayo, kijana mnene kuliko wote akiwa Vespasian ndani ya kanga ya mpishi.

Nilikwenda kwa mjomba pamoja na mwalimu wa malezi. Tulimwamkia, akatukaribisha, akatutolea viti yeye akaketi kwenye gogo. Hakuwa mtu mbaya. "Mwalimu," alisema, "ninyi mnamwona huyu mmoja. Mimi nina watano ndani." Tangu 2016 hakuna ada mpaka Kidato cha Nne, lakini sare, daftari na michango ya chakula havijawahi kuwa bure kwake. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mjomba, sikatai kwenda. Naomba niende nikiwa na cheti." Mzee aliangalia chini muda, akasema basi mpaka Novemba, mtihani ukiisha tutaongea.

Alifanya mtihani, akapata Division Three, na sasa yuko chuo cha ufundi cha VETA anasoma umeme wa majumbani. Ningependa kumpa Helvidius sifa zote, lakini sehemu kubwa ya ushindi ule ni kwamba mwalimu wa malezi huimba kwaya moja na mke wa mjomba, na mazungumzo halisi yalifanyika baada ya mazoezi ya Alhamisi, sisi wanaume tusijue. Wastoiko hawakuandika sura kuhusu kwaya. Aliyekaribia zaidi labda ni Musonius Rufus, mwalimu wa Epictetus, aliyefundisha kwamba mabinti wafunzwe falsafa sawa na wavulana, kwa sababu wamepewa akili ileile. Hiyo ilikuwa Roma ya karne ya kwanza.

Siku hizi klabu yangu haimtaki tena Seneca wala Marcus. Wanamtaka Cleanthes. Alikuwa bondia, akafika Athene na drakma nne, akawa mwanafunzi wa Zeno, mwanzilishi wa shule hiyo. Usiku alichota maji ya kumwagilia bustani za watu, mchana alisoma. Inasimuliwa kwamba kwa kukosa pesa ya karatasi aliandika notsi zake juu ya vigae na mifupa ya mabega ya ng'ombe. Wenye mji wakamtilia shaka kijana mwenye afya asiyeonekana kufanya kazi, wakamwita mbele ya baraza la Areopago aeleze anaishi kwa njia gani. Akamleta mwenye bustani na mama muuza unga ambaye Cleanthes alikuwa akimfanyia kazi ya kusaga. Wazee wakapendezwa, wakaamuru apewe mina kumi, fedha za Kigiriki za wakati ule. Zeno akamkataza kuzipokea.

Ijumaa iliyopita tulitumia saa nzima juu ya kukataza huko. Wengi wanasema Zeno alikosea, na kwamba mwalimu hana haki ya kukataa pesa isiyo yake. Kijana mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha stendi kila jioni anashikilia kwamba Zeno alikuwa sahihi. Alipobanwa aeleze, alisema pesa ya wakubwa haiji peke yake, itarudi kukudai. Mjadala ukahamia kwa wafadhili, kwa wagombea wanaogawa madaftari, kwa mikopo ya vyuo. Nimewaambia waje na hoja zilizoandikwa, na tutaanza na binti aliyependekeza kwamba Cleanthes achukue mina tano na kumwambia Zeno ni mbili.